Somo la Kiingereza: Nani Anakopa na Nani Anakopesha?

Mtu aliyejifunza Kiingereza miaka mingi aweza kujua maneno maelfu, na hata hivyo akapotoka katika maneno madogo ambayo wenyeji wa lugha hiyo huyatumia bila kufikiri. Sababu yake si ujinga. Mara nyingi sababu ni kwamba Kiswahili chatumia shina moja la neno mahali ambapo Kiingereza chataka maneno mawili, nasi twachukua mojawapo kwa kubahatisha. Tutazame machache ya namna hiyo, hasa yale ambayo kosa lake laweza kumgharimu mtu fedha au kazi.

Tuanze na "borrow" na "lend". Katika Kiswahili twasema, "Nimeazima baiskeli kwa Juma," na pia twasema, "Juma, niazime baiskeli yako." Kitenzi ni kile kile, anayetoa na anayepokea wote wawili huazima, na maana hujulikana kwa jinsi sentensi ilivyoundwa. Hata katika kukopa shina halibadiliki, ila twaongeza kidogo mwishoni: anayepokea fedha hukopa, anayezitoa hukopesha. Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo. Anayepokea ana neno lake, "borrow", na anayetoa ana lake, "lend". Kwa hiyo "Borrow me your bicycle" si Kiingereza sahihi. Sema, "Lend me your bicycle," au ukipenda kuomba kwa adabu zaidi, "May I borrow your bicycle?"

Katika baiskeli kosa hili huleta kicheko tu. Katika hati ya deni ni jambo jingine. Tuseme Ali amepokea Shs. 200/- kwa Kamau, naye mwandishi wao aandika hivi: "Ali has lent Shs. 200/- from Kamau." Neno "lent" lamfanya Ali kuwa mdai, neno "from" lamfanya kuwa mdaiwa. Hati hiyo ikifika mbele ya hakimu, kila mmoja atashikilia neno linalompendeza, na shahidi asipokuwapo, kazi ya hakimu ni ngumu. Ilipasa kuandikwa, "Ali has borrowed Shs. 200/- from Kamau," au kwa upande wa pili, "Kamau has lent Shs. 200/- to Ali." Yafaa kuyashika maneno haya mawili mawili: "borrow" hufuatana na "from", na "lend" hufuatana na "to".

Shina moja kwa kazi mbili ndilo linalotukosesha pia katika "learn" na "teach". Mwanafunzi hujifunza, mwalimu hufundisha. Sikio letu lasikia neno moja lililobadilishwa umbo. Ndipo mtu aandikapo, "He learned me carpentry," akikusudia kusema kwamba fundi fulani alimfundisha useremala. Sahihi ni "He taught me carpentry." Zamani Waingereza wenyewe walitumia "learn" kwa maana zote mbili, lakini Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kuandika kwamba matumizi hayo yamepitwa na wakati. Leo mwenye kuandika hivyo katika barua ya kuomba kazi huhesabiwa kuwa hakusoma.

Vivyo hivyo kukumbuka ni "remember", na kukumbusha ni "remind". Ukimwandikia karani, "Please remember me about my application," umemwambia jambo lisiloeleweka. Mwandikie, "Please remind me." Na ajabu ni kwamba maneno "Remember me to your father" ni Kiingereza kizuri, ila maana yake ni "Nisalimie baba yako."

Lakini tusidhani kwamba Kiingereza ndicho chenye usahihi siku zote. Sisi twajua mpangaji hupanga nyumba, na mwenye nyumba hupangisha. Mwingereza aweza kusema "rent" kwa wote wawili, na msikilizaji akabaki akiuliza nani ni mwenye nyumba. Mwenye kuandika mkataba na ajihadhari: kwa upande wa mwenye nyumba atumie "let", na mpangaji amwite "tenant".

Sasa kuna neno "mpaka", ambalo huwaponza hata makarani hodari. Kwa kawaida hutafsiriwa "until", na tafsiri hiyo ni njema pale ambapo jambo laendelea bila kukatika hadi siku iliyotajwa: "The office is closed until Monday." Lakini jambo likiwa la kutendwa mara moja, kabla siku hiyo haijapita, Kiingereza chatumia "by". Anayeandika, "Pay the fees until 30th June," amemwamuru mzazi aendelee kulipa kila mara hadi tarehe hiyo! Mzazi mwenye busara ataelewa kilichokusudiwa, ila barua ya ofisi haipaswi kutegemea busara ya msomaji. Andika, "Pay the fees by 30th June."

Neno "kusikia" nalo lina upana ambao "hear" haina. Sisi husikia sauti, husikia baridi, husikia maumivu, hata harufu twaisikia. Kwa Kiingereza "hear" ni kazi ya masikio peke yake. Mgonjwa akimwambia daktari asiyejua Kiswahili, "I hear something in my chest," daktari ataanza kutafuta mlio kifuani, kumbe mgonjwa ana maumivu. Aseme, "I feel pain in my chest." Na harufu ni "smell".

Maneno yanayotofautiana kwa herufi moja tu hayahitaji maelezo mengi. "Advice" ni shauri, "advise" ni kushauri. "Stationery" ni karatasi, bahasha na vifaa vya kuandikia. "Stationary" ni kitu kisichosogea. Asili yake ni moja, kwani muuza vitabu wa zamani aliitwa kwa jina la mahali pake pa kudumu, tofauti na mchuuzi wa kutembeza bidhaa. Kwa kukumbuka, neno "envelope" laanza na "e".

Msomaji na ajaribu kusahihisha sentensi hizi nne kwa kufuata maelezo ya juu:

"My uncle borrowed me his hoe."
"Return this form until Friday."
"Who learned you to type?"
"I hear cold in this room."

Tatu kati ya hizo zahitaji kubadilishwa kitenzi. Moja kitenzi chake ni sahihi, na kosa liko kwingine.