Safari ya Kaskazini na Mke Asiyeitaka

Kwako Shangazi. Mimi ni mwalimu hapa Nakuru, nina mke na watoto wawili. Kwa miaka mitatu nimeweka akiba kwa siri, nikitaka kuwafurahisha, ili Aprili tuzunguke kaskazini yote kwa siku nane: Baringo, Maralal, Ziwa Turkana, jangwa la Chalbi, Marsabit na Samburu. Nilipomweleza mke wangu alikasirika, akasema huko kuna wezi wa mifugo na jua la kuua watoto, afadhali Mombasa. Juma la pili sasa hatusemezani. Nifanyeje?

Mwanangu, nimeifuata kwa kidole juu ya ramani njia uliyoitaja, nikaona ya kwamba nchi uliyoihesabu kwa pumzi moja ni nchi nyingi, zenye hewa mbalimbali na watu mbalimbali, na anayetaka kuzimaliza zote kwa juma moja aghalabu hurudi hakuona ila vumbi. Maralal ni mji wa milimani, usiku utaomba blanketi la pili. Ukiteremka kwa Baragoi na South Horr, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, wafika Loiyangalani, ambako hata usiku joto halikupi raha. Nilipokwenda huko mara ya kwanza, baada ya kutwa nzima ya mawe meusi kama makaa, ziwa lilitokea ghafula, la kijani, limetanda hata upeo wa macho, na nilipofungua mlango wa gari nishuke, upepo uliunyakua mkononi mwangu ukaupigiza nyuma hata bawaba ikapinda. Nilikaa juu ya jiwe saa nzima nikitazama maji, na mpaka leo saa ile ndiyo ninayoihesabu kuwa safari yenyewe.

Basi rai yangu ni hii. Aprili iache, kwani ni mwezi wa masika, na Chalbi, ambayo ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, ikinyeshewa hugeuka tope la kumeza magurudumu. Ngoja likizo ya Agosti. Chalbi na Marsabit ziwekee mwaka mwingine, ijapokuwa itakuuma. Baringo i karibu nanyi, mwaweza kwenda Jumamosi yoyote. Pandeni kwa Nyahururu na Rumuruti, mlale Maralal siku mbili, watoto waione nyumba alimozuiwa Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa. Kisha mkae ziwani siku tatu kamili, mrudi kwa Laisamis na kushika lami hadi Samburu, ambako ukingoni mwa Ewaso Nyiro wataona punda milia wa Grevy mwenye milia myembamba, na swala twiga akisimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu, wanyama wasiopatikana katika mbuga yenu ya Ziwa Nakuru.

Ama hofu ya mke wako, usiidharau, maana wizi wa mifugo upande wa Baragoi na bonde la Suguta umeua raia na askari pia. Msivuke Maralal kabla ya kuuliza polisi hali ya njia, msisafiri usiku, wala msiende kwa gari moja pekee. Na wakisema njia si salama, geuzeni bila majuto.

Lakini sidhani kwamba kilichomkasirisha ni wezi wala jua. Miaka mitatu ulimnyima habari ya fedha zilizotoka katika nyumba yake, kisha ukamletea safari iliyokwisha pangwa, naye hakuachiwa ila kukubali. Hilo ni kosa lako, na lazima umwombe radhi kabla ya kutaja safari tena. Kisha, watoto wakilala, tandaza ramani mezani, umpe yeye kalamu kwanza, na pahali atakapopakata, pakatike.