Kisamvu kwa Karanga

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Unaweza kufungua kitabu cha mapishi ukajifunza vyakula vya mikoa mingine. Mlenda ni mboga nzuri, mimi mwenyewe siuachi. Lakini si lazima uwe mlenda kila siku.

Leo tupike kisamvu. Watu wa pwani hukipika kwa nazi. Hapa Dodoma nazi ni ghali, lakini karanga tunalima.

Chuma majani machanga ya muhogo. Yaoshe. Yatwange mpaka yalainike kabisa. Tia maji mengi, chemsha bila kufunika chungu mpaka yaive vizuri. Usifanye haraka. Majani mabichi ya muhogo yana sumu. Kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoipunguza. Usionje kabla hayajaiva.

Sasa tazama karanga zako. Zichambue mchana, penye mwanga. Iliyoota ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupe. Hata kuku usimpe. Ukungu huo huleta sumu iitwayo sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu karibu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Karanga safi zikaange kidogo, zitwange, uzitie katika kisamvu pamoja na kitunguu na chumvi. Koroga kwenye moto mdogo, maana karanga hushika chini upesi.

Kula kwa ugali wa uwele au mtama. Mtoto aliyeanza kula ugali mpakulie katika bakuli lake mwenyewe.