Namna ya Kusoma Rekodi ya Mtafiti wa Elimu Bila Kulewa Namba

Mwanafunzi wa uzamili anayeanza kuandika pendekezo la utafiti katika saikolojia ya elimu hufungua Google Scholar, huandika jina la msomi, kisha hutazama ametajwa mara ngapi. Akikuta maelfu, humwamini. Akikuta themanini, humpita. Huko ni kuiacha kazi kabla haijaanza. Idadi ile inaonyesha ni maandishi mangapi yamemtaja mtu huyo. Kama yamemtaja kwa kumuunga mkono au kwa kumpinga, utajua kwa kusoma tu.

Mchukue John Sweller wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, mwasisi wa nadharia ya mzigo wa utambuzi. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu tunayotumia kufikiri kwa wakati huohuo ni finyu mno. Mwalimu akiijaza mambo yasiyo ya lazima, nafasi ya kujifunza inakwisha. Makala iliyomtangaza ilitoka mwaka 1988 katika jarida la Cognitive Science, na wengi huishia hapo. Wewe rudi nyuma miaka mitatu. Mwaka 1985, yeye na Graham Cooper walichapisha majaribio yao ya kufundisha aljebra. Wanafunzi waliosoma mifano iliyokwisha kukokotolewa walijifunza kwa muda mfupi zaidi, na baadaye wakakokotoa maswali ya aina ileile haraka na kwa makosa machache kuliko wenzao waliofundishwa kwa kupewa maswali wayakokotoe wenyewe. Maswali yalipobadilika sura, faida hiyo haikuonekana. Jambo hili la mwisho hupotea mara nyingi watu wanapomtaja Sweller, nalo ndilo mwalimu wa hisabati analihitaji kuliko yote. Basi kwa kila msomi, litafute jaribio lililozaa nadharia, usome pia lilipokomea.

Angalia vilevile ni makala ya aina gani iliyorejelewa sana. Mwaka 1998 Sweller aliandika na Jeroen van Merriënboer na Fred Paas makala ndefu ya kuipanga nadharia nzima, na mwaka 2019 watatu hao wakairudia kueleza ilivyobadilika katika miaka ishirini. Makala za mapitio hutajwa mno kwa sababu humpa mwandishi mwingine maelezo yote mahali pamoja. Ushahidi wenyewe uko kwenye majaribio. Mimi huvutiwa zaidi na jambo jingine hapo: mtu kushikilia swali moja kwa miongo kadhaa, na wenzake walewale, huku akikubali kulirekebisha.

Halafu watafute wapinzani. Mwaka 2006 Paul Kirschner, Sweller na Richard Clark waliandika kwamba kumwachia mwanafunzi asiye mzoefu ajigundulie mambo kwa mwongozo mdogo hakufai. Mwaka uliofuata Cindy Hmelo-Silver na wenzake waliwajibu katika jarida lilelile, wakisema ufundishaji kwa matatizo na kwa udadisi una mwongozo mwingi. Kila jibu la namna hiyo huongeza idadi ya marejeleo ya anayepingwa. Chini ya makala katika Google Scholar kuna kiungo cha maandishi yaliyoitaja. Kibonyeze, weka alama kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya maandishi hayo tu, kisha andika neno la mada yako.

Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni rahisi kukikokotoa. Mwenye makala tano zilizotajwa mara 50, 20, 9, 4 na 3 ana h ya 4, kwa kuwa makala nne zimetajwa angalau mara nne kila moja. Hakishuki kamwe, hivyo humpendelea mkongwe. Usilinganishe namba za hifadhidata mbili: Google Scholar huhesabu hata tasnifu, ilhali Scopus huchagua majarida. Majarida mengi ya kwetu utayapata AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998. Mtafiti aliyefanya kazi kwenye darasa la watoto sabini anaweza kuwa na marejeleo machache, na bado akawa ndiye anayelijibu swali lako.

Kwa rekodi yako mwenyewe, jisajili ORCID, mfumo unaompa kila mtafiti namba yake ya utambulisho, ni bure, na uamue mapema jina lako litaandikwaje. Majina yetu matatu hupangwa hivi leo na vile kesho, makala za mtu mmoja zikaonekana za watu wawili.

Nanyi wasimamizi, mwanafunzi akiwaletea jina kubwa, msimuulize limetajwa mara ngapi. Mwombeni aeleze jaribio moja la msomi huyo: nani walishiriki, walifanya nini, na ni kitu gani hakikuthibitika.