Jua Haki Zako: Mguu Umerefushwa, Neva Imeumia

Upasuaji wa kurefusha mguu umewainua wengi ambao mguu mmoja ni mfupi kwa sababu ya ajali, polio au maumbile ya kuzaliwa. Daktari hukata mfupa, kisha kifaa cha chuma huutenganisha polepole, kwa kawaida milimita 1 kwa siku, ili mfupa mpya uote katikati. Lakini mfupa hauvutwi peke yake; neva nazo huvutwa. Inayoumia mara nyingi ni ile inayopita chini kidogo ya goti, upande wa nje. Ikiumia, mgonjwa huhisi ganzi au kuungua sehemu ya juu ya wayo, au hushindwa kuinua vidole.

Je, jeraha hilo pekee ni uzembe wa daktari? Hapana. Linaweza kutokea hata mikononi mwa daktari hodari. Nchini Kenya, haki yako inasimama juu ya maswali mawili: ulielezwa hatari hiyo mapema? Na dalili zilipoanza, ulihudumiwa ipasavyo?

Kabla ya upasuaji. Vifungu vya 8 na 9 vya Sheria ya Afya ya 2017 vinataka uelezwe faida, hatari, gharama na njia nyingine za matibabu, kwa lugha unayoielewa, ndipo utoe idhini. Una haki ya kukataa. Usitie saini fomu ambayo hujaielewa. Uliza: neva ikiumia mtafanya nini, na usiku nimpigie nani?

Wakati wa kurefusha. Ukihisi ganzi au mguu ukilegea, toa taarifa siku hiyo hiyo. Daktari anaweza kupunguza kasi, kusimamisha urefushaji au kufanya upasuaji wa kuilegeza neva. Majeraha haya yakigunduliwa mapema, mengi hupona. Andika tarehe, saa, uliyezungumza naye na jibu alilokupa. Ukiambiwa tu uvumilie, bila kupimwa, maandishi hayo ndiyo yatakayokutetea.

Baada ya madhara. Omba kwa maandishi nakala ya faili lako, picha za eksirei na fomu ya idhini. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata taarifa unazozihitaji ili kulinda haki zako. Tafuta maoni ya daktari mwingine wa mifupa, kwa sababu bila ushahidi wa mtaalamu kesi ya uzembe ni ngumu kushinda. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Fidia unaweza kuidai mahakamani, na kwa kawaida kesi ya uzembe lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3.

Usisubiri mguu upone ndipo umtafute wakili. Matibabu yaendelee, lakini kumbuka kuwa ile miaka 3 tayari inahesabiwa.