Dondoo Muhimu: Kutoka Kolwezi hadi Kilele cha Margherita
Mkazi wa Kolwezi anayekusudia kupanda Margherita, kilele cha Ruwenzori chenye mita 5,109, pamoja na kiongozi wa mlima, azingatie haya:

1. Aulize hali ya usalama upande wa Mutwanga, yaani upande wa Kongo, kabla ya kulipa chochote.

2. Akishapita mita 3,000, asipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, kwani haraka, ambayo ndiyo kosa la kawaida, huleta ugonjwa wa mwinuko, yaani maumivu ya kichwa na kichefuchefu vitokanavyo na upungufu wa oksijeni. Dalili zikizidi, ashuke mara moja, hata usiku.

3. Achukue mabuti ya mpira kama ya wachimbaji, hasa akipitia upande wa Uganda, kwa kuwa matope ya bonde la Bujuku hufika magotini.

4. Kiangazi cha kwao Lualaba kisimdanganye: Ruwenzori mvua hunyesha hata Julai.