Swali la Sindano Moja

Yako maradhi yanayowaua wanawake polepole na kwa siri. Mojawapo ni saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke huweza kukaa nayo miaka, akilima, akianika dagaa, akilea watoto wake, wala asijue. Na siku anapofika hospitali, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea. Mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walikufa kwa ugonjwa huu duniani, na walio wengi wao walikuwa watu wa nchi maskini. Katika Tanzania hakuna saratani iwapatayo wanawake wengi kuliko hiyo.

Chanzo chake kilifichika siku nyingi. Hata katika miaka ya 1983 na 1984, mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Harald zur Hausen alionyesha ya kuwa huletwa na kirusi kiitwacho papiloma, na kwa kazi hiyo akapewa nishani ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hiki hupita kwa kujamiiana, kisha huweza kukaa mwilini miaka kumi, ishirini au zaidi kabla saratani haijatokea. Tangu mwaka 2006 iko chanjo yake. Lakini angalia: chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, humkinga yule ambaye hajaambukizwa. Ndiyo sababu hupewa wasichana wangali wadogo.

Hapo mwanzo kila msichana alipaswa kuchomwa sindano tatu katika muda wa miezi sita. Je, sindano tatu zingewezekana katika shule zetu? Swali hili liliulizwa Mwanza, mji ambao kazi ya kuchunguza maradhi si ngeni kwake, kwa maana tangu mwaka 1949 kilikuwako hapo kituo cha kuchunguza matende. Mwaka 2010 na 2011 shule za msingi 134 za Mwanza zilitiwa katika uchunguzi. Katika baadhi ya shule walichanjwa wasichana wote wa darasa la sita; katika nyingine walichanjwa wale waliozaliwa mwaka 1998, wawe darasa lo lote. Ile njia ya darasa ikawafikia wengi zaidi, jambo ambalo mwalimu ye yote angaliweza kulitabiri, kwani waliozaliwa mwaka mmoja hutawanyika madarasani kama kuku wa jirani. Lakini katika njia zote mbili hesabu ilipungua sindano hata sindano, na waliofikia ya tatu walikuwa robo tatu tu na zaidi kidogo. Wengine hawakuwapo shuleni siku ile. Wengine walizuiwa nyumbani, kwa sababu ulivuma uvumi ya kuwa chanjo itawafanya wasizae. Uvumi huo hauna ukweli, lakini mzazi anayempenda binti yake hushtuka akiusikia, wala hapaswi kuchekwa, yapasa aelezwe.

Basi wataalamu wakajiuliza: Je, kama sindano moja ingetosha? Chanjo ilikuwa ya bei kubwa, tena haikutosha dunia nzima. Sindano moja badala ya mbili au tatu ingekuwa wasichana wengi zaidi kukingwa kwa mali ile ile.

Mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Mwanza, pamoja na wenzao wa chuo cha afya na magonjwa ya nchi za joto cha London, walianza kulijibu swali hilo. Wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hata 14, waliingia katika kazi hiyo. Hakuna aliyeingizwa kwa nguvu. Mzazi au mlezi aliombwa ruhusa, na msichana mwenyewe pia aliulizwa; aliyekataa hakutiwa.

Waligawanywa makundi sita. Zilikuwako chanjo za namna mbili, na kwa kila namna wengine walipata sindano moja, wengine mbili, wengine tatu. Nani aliamua msichana huyu apate moja na yule tatu? Si mganga, wala si mwalimu, wala si mzazi. Iliamuliwa kwa njia iliyo mfano wa kura. Mkulima wa pamba ataelewa kwa nini. Akitaka kujua kama samadi yafaa, akaitia katika shamba la bondeni lenye rutuba na kuliacha lile la mlimani lenye mawe, hatajua kama mavuno yametoka katika samadi au katika udongo. Vivyo hivyo, kama wenye afya njema wangepewa sindano moja na wanyonge tatu, jibu lingekuwa la uongo. Kura haimjui mtu.

Baada ya miaka miwili damu ya wasichana ilipimwa. Karibu wote waliopata sindano moja walikuwa na kingamwili, yaani askari wa mwili, wa kupigana na zile aina mbili za kirusi zinazoleta saratani nyingi kuliko nyingine. Ni kweli kwamba askari hao walikuwa wachache kuliko wa wale waliopata mbili au tatu, lakini hawakuzidi kupungua. Tena damu yao ililinganishwa na damu ya wanawake wa Kostarika na wasichana wa India waliopata sindano moja, ambao walikuwa wameangaliwa miaka mingi na kuonekana wamekingika. Ikaonekana kwamba kingamwili zao hazikupungukiwa na zile.

Wakati huo nchini Kenya, katika Kisumu iliyo upande wa pili wa ziwa, na katika Nairobi na Thika, wasichana na wanawake vijana 2,275 walichunguzwa kwa njia nyingine. Wengine walipewa sindano moja ya chanjo hii. Wengine walipewa kwanza chanjo ya homa ya uti wa mgongo, wala hawakujua ni ipi. Baada ya miezi 18 ilionekana ya kuwa sindano moja ilizuia maambukizo ya zile aina mbili kwa kadiri ya 97 katika kila 100.

Mwezi wa Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali ya kuwa nchi zaweza kutumia sindano moja kwa wasichana. Tanzania, iliyokuwa ikitoa sindano mbili tangu mwaka 2018, iligeukia sindano moja mwezi wa Aprili 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hata 14.

MASWALI
1. Makundi sita ya Mwanza yalikuwa sawa kwa hesabu. Kila kundi lilikuwa na wasichana wangapi?
2. Kwa nini msichana hakuruhusiwa kujichagulia idadi ya sindano?
3. Mama mmoja kijijini kwenu amesikia uvumi wa chanjo, naye anaogopa. Mwandikie barua umweleze.