Gari la Mji wa Kale na chumvi ya bahari

Swali: Gari langu hulala nje, karibu na Fort Jesus, kisiwani Mombasa. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, lakini milango inaliwa na kutu, na injini hupata moto kwenye foleni ya feri ya Likoni. Nakosea wapi?

Jibu: Kwa oili huna kosa, ndugu yangu. Adui wako ni chumvi. Upepo wa bahari huileta juu ya bati usiku kucha, na unyevu huigandisha hapo. Osha gari kwa maji matamu kila wiki, na mpira uelekezwe uvunguni, si kwenye boneti tu. Pitisha kidole ukingo wa chini wa mlango: kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na mchanga, maji hulala ndani na mlango huoza kuanzia huko. Vizibue kwa kijiti.

Kuhusu joto, rejeta unaitia maji gani? Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi, nayo huacha ukoko ndani ya mirija. Tia kulanti. Kwenye foleni hakuna upepo, gari hutegemea feni, hakikisha inazunguka. Mshale ukipanda tena, zima injini, na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe kabisa.